Shaba ya Njano kwenye Shingo ya Mninga

Siku ya kwanza nilipoingia karakana ya parokia, hapa Mpanda mjini, nilipewa msasa na rundo la shingo za gitaa, nikaambiwa nisugue. Nilikuwa mjane kijana, nimeishia darasa la nne, mtoto mgongoni. Sikufuata muziki pale. Nilifuata ugali. Lakini mkono ukizoea mninga uliolainika, na roho inalainika. Msinicheke.

Tulitengeneza madawati, milango na magitaa ya kwaya. Mkubwa wetu tulimwita Fundi Mkuu, Mpimbwe mfupi mwenye sauti ya kengele. Freti alipanga yeye peke yake. Nyie wajukuu mnaopiga gitaa bila kulitazama, freti ni vile vyuma vyembamba vilivyolala kukatiza shingo. Kidole kinabana waya, waya unagusa chuma, sauti inapanda. Freti zikikaa vibaya, kwaya nzima inalia kama mbuzi walionyeshewa.

Freti za kiwandani zilitoka mbali na zilitushinda bei. Fundi Mkuu alikata spoku za baiskeli.

"Spoku haifi," alisema kila siku.

Kweli haifi, ila inaua wengine. Ni ngumu, inakula waya. Masika ikifika inashika kutu. Tena yeye aliiacha imeinuka, mpigaji akibana kwa nguvu sauti inapinda. Nilikuwa nasugua huku nasikia wateja wakilalamika. Siku moja nikashindwa kunyamaza.

"Fundi Mkuu, nipe shingo moja nipange freti."

"Skola, shingo siyo mwiko wa ugali."

"Na mwiko ukichongwa vibaya unachubua mkono."

Karakana ikacheka. Yeye hakucheka. "Haya. Kuna gitaa la kwaya ya Kasekese. Freti zako zikiharibika kabla ya mavuno, utasugua msasa mpaka uzeeke, na usiniombe tena."

Mwenyekiti wa kwaya ile, mama wa watu mwenye mabega ya kulima, alikuja mwenyewe kuagiza.

"Tunataka shaba nyekundu, ile ya kwenye mota zilizoungua. Ing'ae mpaka Padri aione kutoka altareni."

"Mnafunga waya gani?"

"Wa breki ya baiskeli. Tunaufumua."

"Basi huo utakata shaba nyekundu kama kisu kwenye kiazi kilichoiva. Padri ataona mashimo."

"Ee! Mama wewe una mdomo!"

"Nina mdomo na tupa. Nani anapiga?"

Akanionyesha vidole vyake. Mpini wa jembe ulikuwa umevipasua, na spoku za gitaa la zamani zilikuwa zimemalizia. Hapo nikajua la kufanya.

Nilikwenda kwa wachomeleaji wa redieta nikaomba vijiti vya shaba ya njano. Ni ngumu kuliko nyekundu, ni laini kuliko spoku, na kutu haiijui. Nilichimba mfereji kwa msumeno mwembamba, nikazamisha kila kijiti nusu kwenye gundi, nikapiga tupa juu mpaka vyote vikalingana na kukaa chini, ili mama yule asibane kwa hasira.

Gitaa likaenda. Mimi nikarudi kwenye msasa. Kila pikipiki iliyosimama nje, nachungulia mlangoni.

Mahindi yakiwa bado mabichi shambani, mwenyekiti akatokea na gitaa limefungwa kitenge. Fundi Mkuu akanitazama. "Skola, msasa wako huo hapo."

"Msasa wa nini?" mwenyekiti akauliza. "Limedondoka kwenye pikipiki, kigingi cha kukazia waya kimevunjika. Hivyo vyuma msiviguse! Tangu vije, vidole vyangu havijatoka damu."

Fundi Mkuu hakumwamini. Akapitisha ukucha juu ya kila freti, taratibu, kama anapekua chawa. "Hapa imeanza kulika."

"Kidogo," nikasema. "Tupa inaondoa, freti haing'olewi."

Akaniachia gitaa. Kisha akasema, "Gitaa la besi usiniwekee shaba. Waya zake nene, zitaitafuna."

"Besi nitaweka spoku."

Alisema kweli, na mimi nilisema kweli. Jioni ile alinikabidhi msumeno wa mifereji.

Baadaye alinipeleka Mwese kufungua tawi la karakana, chini ya msimamizi aliyejua milango tu na kuogopa magitaa. Ukungu wa milima kule uligeuza freti zangu nyeusi, lakini hazikung'oka hata moja. Nikarudi Mpanda, mtaa wa Nsemulwa, nikafungua karakana yangu. Nimefunga freti za makwaya mpaka ya kambi za wakimbizi Warundi, waliopewa uraia na sasa ni ndugu zetu wa kura moja.

Sasa macho yamechoka, nimestaafu. Mjukuu wangu Neema, aliyeingia karakanani kwangu, ameagiza kwa simu freti za stenlesi, chuma kisichoshika kutu. Nimezipitishia ukucha: zinateleza kama samaki, zitamzika mpigaji. Ila zinamaliza tupa, na bei yake ni ya mwenye ng'ombe. Nikamwambia amuulize mteja kwanza anafunga waya gani, na analima au halimi.

Watu wananilaumu, eti nimempa Neema shingo nzima ya mninga siku yake ya kwanza, bila kumpitisha kwenye msasa. Nimempa. Mimi nilingojeshwa, nikaona kungoja hakunifundisha freti. Akiharibu, ni kuni. Tutapikia maharage.