Sisi Watu wa Beseni

Gari la matangazo lilipita Misiera, kijiji chetu cha wakimbizi, likipiga kelele: "Kesho mkutano ya besini! Watu yote ya besini wakuje!" Sisi wanawake tuliokimbia Kivu ya Kusini tunajua kutii. Asubuhi tukafika na mabeseni kichwani. Mimi nilibeba mawili, nikitumaini kugawiwa mbolea, kwa sababu nyanya zangu kando ya ziwa zilikuwa zinaanza kuzaa, na wanangu hawakuwa na shamba lingine la kuwalisha.

Afisa wa maji alipotuona alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mama, si besini ya kufulia! Besini ni pahali yote maji inapita. Inatoka kwa milima, inapita Mbarara kwa mto Rwizi, mpaka kwa ziwa yenu. Hata wewe uko ndani ya besini."

"Aa, njo maana banatukamulaka," jirani yangu akasema, akizungusha mikono kama anayekamua nguo.

Kwa kuwa nilikuwa mbele, nikachaguliwa mjumbe wa besini, cheo ambacho ukoo wetu haujawahi kukiota. Nikapelekwa Mbarara, kwenye mkutano wa kanda nzima wa kusimamia maji kwa pamoja. Hotelini kila mtu alipewa maji ya chupa, tusije tukaujadili mto tukiwa na kiu. Kwenye ramani Rwizi ulikuwa wa buluu, maridadi kabisa. Mto wenyewe ulipita chini ya dirisha, rangi ya chai ya maziwa, umebanwa na ukuta wa hoteli.

Wakubwa walielewana vizuri mno. Kingo zilindwe na wote, wa juu na wa chini. Wa juu wakapewa muda wa kujipanga. Wa chini, yaani sisi, tung'oe bustani zetu kando ya ziwa mara moja.

Nikanyoosha mkono. "Na ukuta wa hii hoteli, utatoka siku gani?"

"Hiyo swali ni nzuri sana, mama," mwenyekiti akasema. "Tutairudia baada ya chai."

Baada ya chai tukafunga kwa sala. Nilikuwa na hasira hata amina ikanishinda.

Tukaagwa kwa zawadi: kila mjumbe na beseni lake jipya, limeandikwa ubavuni kwamba maji ni ya wote.

Nyumbani nilikuta vigingi vya mpaka vimeshachomekwa nyuma ya bustani yangu, upande wa mbali na ziwa; bustani yote sasa ilikuwa ndani ya kingo. Mimi na wanangu tukachuma nyanya zote, mbichi hivyo hivyo, nyingine ndogo kama vifungo vya shati. Tukazitia katika lile beseni la mkutano.

Halikujaa hata nusu.