Fimbo Iliachwa Nje ya Zizi

Mwezi uliopita nilikwenda Buswelu kumwona dada yangu, nikajikuta nimesimama mbele ya duka la vigae, nanusa hewa kama mwehu. Pale walipopanga vigae vya bafuni ndipo lilipokuwa zizi la punda la bibi yangu, na mimi, mtu mzima mwenye watoto, nilitaka walau harufu ya samadi iliyokaushwa na jua. Sikuipata. Basi ngoja nikusimulie, maana pale hakuna tena kitakachokusimulia.

Bibi alifuga punda enzi ambazo bomba la maji lilikuwa halijapanda kwenye vilima vyetu vya mawe. Walibeba madumu ya maji na magunia ya mchanga hadi nyumba za juu kabisa, ambako mkokoteni haufiki. Kazi zangu zilianza kabla ya chai. Nazoa samadi, nabadilisha maji kwenye nusu pipa, nalowesha pumba kidogo zisiwapalie. Kisha nainua kwato na kuchokonoa vijiwe kwa kijiti. Bibi alinifundisha kuegemeza bega langu kwa punda, nisubiri mpaka mwenyewe ahamishe uzito. "Usimvute," alikuwa akisema. "Mwombe." Jioni tulikanda migongo yao kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, na penye mchubuko tulishona upya tandiko la magunia lisiguse kidonda. Shuleni nilinuka, siwezi kukataa. Mwalimu alinihamishia dawati la dirishani, nami nikaufaidi upepo wa ziwa.

Fimbo haikuingia zizini kwa bibi. Aliyekuja kukodi punda aliichomeka kwenye uzio wa minyaa, ndipo aingie.

Jirani yetu mmoja, fundi wa ujenzi, alikodi punda wetu kuliko wote. Siku moja punda wengine walikuwa wametoka, amebaki jike mwenye mimba. Fundi alibembeleza sana. Bibi akamkubalia kwa sharti la mzigo nusu, akanituma nimwongoze. Tulipofika chini kwenye mchanga, fundi akajaza magunia mpaka mdomoni. Nikamwambia bibi alisema nusu. Akajifanya hasikii.

Katikati ya mlima yule jike alisimama, akatetemeka miguu, akalala. Fundi akavunja tawi, akaanza kumchapa masikioni. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilifungua kamba, magunia yakaanguka na mchanga wote ukamwagika kwenye mawe. Nikajilaza juu ya shingo ya punda.

"We mtoto, una wazimu?" fundi alifoka. Vibarua wake walicheka, na nadhani kicheko kile ndicho kilichomuuma zaidi.

Nilimrudisha punda nyumbani taratibu, nikijua nitachapwa mimi.  Bibi alipapasa tumbo la yule jike, akaweka sikio kusikiliza kama mtoto anacheza. Fundi akafika nyuma yetu.

"Shikamoo, mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Marahaba. Mzigo ulikuwa nusu?"

"Mayu, punda ni punda tu. Mjukuu wako amenimwagia mchanga mbele ya vibarua wangu!"

"Amefanya vizuri."

"Basi sikodi tena hapa. Na mafundi wenzangu nitawaambia."

"Waambie," bibi alisema. "Na sababu uwaambie."

Aliwaambia kweli, nao wakaanza kuwabebesha vibarua mizigo. Kiangazi kile zizi lilipoa. Tulikula michembe asubuhi, viazi vile vilivyokaushwa, tukala michembe jioni. Mjomba alikuja kumsihi: "Mama, kamwombe radhi, yaishe." Bibi aliendelea kupukuchua choroko. "Kwa kosa lipi?" Mjomba akaaga, akaondoka.

Mvua za kwanza ziliponyesha, yule jike alizaa salama, mtoto wa kijivu mwenye masikio marefu yaliyolowa. Mvua hizo hizo ziliharibu njia, malori yakakwama mbali huko chini, vibarua wakashindwa kupandisha mizigo. Asubuhi moja fundi akasimama kwenye minyaa, mikono mitupu. Bibi alimwacha asubiri mpaka akamaliza kushona tandiko. Kisha akamtolea punda wawili wenye nguvu, akanigeukia mbele yake.

"Nenda naye. Ukiona mzigo umezidi, mwaga."

Fundi alitazama chini. "Sawa, mayu."

Bomba lilipopanda, na pikipiki za mizigo zikafuata, kazi ikaisha. Bibi aliwalisha punda wake hadi uzee, bila kazi, na watu wakasema amechanganyikiwa. Sasa hayupo, nao hawapo. Sitaki mtu yeyote arudi kuteka maji ziwani. Lakini wanangu hawajui uzito wa mguu wa mnyama anapokuachia kwa hiari yake, na sijui pa kuwapeleka wakaujue. Mtu akiniambia maisha yale yalikuwa ushamba, namkatalia. Namkatalia kwa sauti, hata mbele ya wageni.