Sufuria ya Bibi

Nikichemsha mahindi kwenye maji ya majivu ili maganda yatoke, ile harufu yake kali hunipandisha hasira kabla ya njaa.

Nilikuwa mdogo, katika fleti yetu ya kupanga, mtaa wa Ladywood. Bibi yangu mzaa baba alikuwa Mcheroki, wa wale wenyeji wa Marekani waliokuwapo kabla ya wazungu. Siku hiyo alikuwa anakoroga mahindi yake ya majivu. Mtu wa mwenye nyumba aliingia na viatu vyake vya matope kuja kututoa. Akanusa, akacheka.

"Harufu tamu hiyo. Sufuria niachieni."

Bibi alimkazia macho, akamwaga mahindi yote kwenye sinki.

"Mama, mtoto hajala!" mama yangu alimlilia mkwewe.

"Basi asile," Bibi akajibu. "Askari walimtoa bibi wa bibi yangu nyumbani kwake chakula kikiwa jikoni. Walowezi wakaingia, wakakaa kwenye viti vyake, wakakila kingali cha moto."

Nililia kwa njaa. Yule mtu alisimama anatazama mvuke ukipanda kutoka kwenye sinki, kicheko kimemkauka.

Siku hizi nina nyumba yangu. Lakini mlango ukigongwa nikiwa napika, nashika sufuria kwanza, ndipo nauliza ni nani.