Kuonja Chai ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikuwa mgumu, nalisema waziwazi, na yeye mwenyewe hakulikataa. Nilipoolewa Rumonge, Wadachi wakiwa bado na boma lao Usumbura, alinipokea mlangoni kwa kunitazama miguu, akamwambia mwanawe kwamba nyayo hizi ni za mtu mvivu. Mume wangu akacheka. Mimi sikucheka.

Ugonjwa wake niliugundua mimi. Alikuwa akimaliza mtungi wa maji kwa siku, anakonda, na pale nyuma ya nyumba alipokwenda haja ndogo sisimizi walijaa. Siku hizo daktari wa Kidachi alikuwa na kambi kando ya ziwa, anapima watu malale. Nikampeleka, naye akanung'unika njia nzima. Daktari akampima, akasema kwa Kiswahili chake cha boma: sukari basi, asali basi, miwa basi. Weee! Mwanamke aliyemjua kila mrina asali wa msitu wa Kigwena na baba yake na babu yake! Alirudi nyumbani akalala akageukia ukuta. Chai bila utamu, alisema, ni maji ya kuoshea vikombe, na baada ya chai akaanza kukiacha chakula pia. Miezi yote ile nilikuwa simpendi. Sasa nikaogopa kumpoteza, na sijui hata huruma hiyo iliniingia lini.

Nikarudi kwa daktari peke yangu. Akafungua sanduku lake, akatoa kichupa cha vidonge vidogo vyeupe. Vinatia utamu, akasema, ila si sukari. Kimoja kwa kikombe, visizidi vitatu kwa siku. Mwenye duka mmoja aliyekuwa pale akataka naye apewe vya kutia kwenye sharbati yake. Daktari akamkatalia kabisa. Kwao Udachini, alieleza, sheria imekataza kuvitia katika vinywaji vya kuuza. Hutolewa na watu wa dawa tu, kwa mgonjwa.

Kosa langu ni kwamba nilipofika nyumbani nilisimulia yote, na hiyo sheria nayo nikaisimulia. Mama akakaa wima. Kitu Wadachi walichowakataza watu wao, mimi namletea yeye? Akaweka kidonge kimoja kwenye kizingiti, tukakaa kukitazama. Sisimizi wakaja, wakakizunguka, wakaenda zao. Basi ikawa kesi.

"Onja kwanza wewe," akaniambia.

Kwetu kando ya ziwa, anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele yako, ujue hakina sumu. Watu wengi hufanya hivyo kwa adabu tu. Yeye alimaanisha kweli, akanikazia macho mpaka nimeze. Masikio yaliniwaka moto kwa hasira, lakini nikaonja. Ilikuwa tamu, kisha uchungu kidogo ukabaki nyuma ya ulimi. Akangoja aone kama nitaanguka, ndipo akanywa. Akafumba macho, kisha akauliza kama kuna kingine.

Karibu mwaka mzima tuliishi hivyo: mimi naonja, yeye ananitazama, halafu anakunywa. Mwili ukamrudia kidogo. Na kwa kuwa ilibidi tukae mkekani pamoja tukingoja nife au nisife, tukaanza kupiga soga. Alinisimulia jinsi mama mkwe wake yeye alivyomtesa, tukacheka mpaka mume wangu akaja kuchungulia kuna nini.

Kisha nikashika mimba. Sikumwambia mtu, hata mume wangu. Mimba changa haitangazwi. Asubuhi moja nilitia kidonge, nikakoroga, nikainua kikombe nionje kama kawaida. Mkono wake ukanishika.

"Lete hapa," akasema. "Huyo daktari ulimwuliza kama mutoto wa tumboni anaweza kunywa hii dawa?"

Nikasema sikumwuliza.

"Basi, tusiijaribu kwake. Mimi chumvi nimeshakula ya kutosha."

Akanywa yeye kwanza, kikombe kizima, bila kunibakizia tone. Niliangua kilio pale pale mkekani. Yeye akaweka kikombe chini, akanifuta uso kwa ncha ya kanga yake, akaniuliza nimekula nini tangu asubuhi.