Magari ya Kanisa Mlangoni Pangu

Sisi Wakenya wa Houston hatumpi mtu habari ya msiba kwa simu. Nyumbani Kenya wanampigia mchungaji wa huku, mchungaji anakusanya watu, na mtu wako wa karibu anakutoa nje kidogo, akihakikisha si wewe unayeendesha gari. Ukirudi unakuta sebule imejaa akina mama na chupa za chai. Nimebeba chupa hizo mara nyingi. Mimi ni nesi, najua kumshika mtu asianguke vibaya, kwa hiyo hawakosi kuniita.

Jumamosi ile asubuhi nilimpigia mama, hakupokea. Mama ana ugonjwa wa moyo, na alikuwa ametoka hospitali majuzi tu. Nikampigia dada yangu, akaniambia mama amelala. Kule kulikuwa bado jioni, na mama yangu halali kabla ya taarifa ya habari hata dunia ipinduke. Nikamwomba amwamshe. Akasema network ni mbaya, akakata.

Punde si punde mpenzi wangu akafika, akitaka twende sinema kuona sehemu ya pili ya filamu ya shujaa anayeruka. Sehemu ya kwanza tuliitazama tulipoanza kutoka pamoja, naye akakoroma mpaka mwisho. Leo ghafla hataki kuikosa!

"Nipe key za gari yako," akasema. "Leo nita-drive mimi."

Akazitia mfukoni mwake. Hapo ndipo nilipomfikiria mama.

Kwenye sinema magorofa yalianguka, shujaa akayazuia kwa mabega. Kisha akaketi mezani na mwanamke anayempenda, na kila akitaka kumweleza jambo, mji unawaka moto, anamdanganya na kukimbia. Watu walicheka. Mimi nilikuwa namtazama mtu wangu akificha simu chini ya jaketi. Nilipomuuliza, akasema ni mambo ya kazi. Jumamosi hafanyi kazi.

Akatoka nje kuongea, akarudi akijipangusa uso. Kwenye skrini shujaa alikuwa amevua mavazi yake, amekaa sakafuni bafuni, analia kwa sababu ameshindwa kusema ukweli. Nikaangalia uso uliokuwa pembeni yangu. Naujua uso ule. Ni wa mtu aliyeambiwa anyamaze mpaka wengine wafike.

Sikumuuliza tena. Niliogopa, na woga una ujinga wake: niliona kwamba filamu isipoisha, mama hajafa. Niliombea wale watu waendelee kupigana. Shujaa na mwanamke wake walipobusiana mwishoni na taa zikawashwa, niling'ang'ania kiti mpaka mfagiaji akaja.

Njiani nikamwambia tupitie dukani ninunue unga. Akakataa. Tulipoingia kwenye maegesho ya nyumba zetu pale mtaani Alief, nikaiona vani ya mchungaji, na kando yake gari la mama mwenyekiti wa chama chetu. Nikabaki kitini.

"Ni nani?" nikauliza.

"Twende tu ndani."

Maneno hayo hayo. Nimewaambia watu wengi maneno hayo.

Mlango ulipofunguliwa sikutazama uso wa mtu. Niliona chupa za chai mezani, nikaenda chini kwenye zulia nikimwita mama. Akina mama waliokuwa wamejiandaa kupiga vigelegele wakanidaka makwapani kwa mazoea, kama ninavyowadaka wengine. Mpenzi wangu naye alikuwa amepiga magoti. Nilidhani ananipa pole, mpaka nikaona pete.

Mtu akanisogezea simu usoni. Mama yangu alikuwa humo, saa za usiku kule kwao, amejifunga kitambaa kichwani.

"Mbona unanililia na nimevaa nguo mpya?" akasema. "Huyo kijana anakuposa. Mjibu."

Siku nzima dada yangu alimkataza kupokea simu zangu, maana mama hawezi kutunza siri. Watu walikuwa wameanza kucheka. Mimi sikuweza. Hasira ilikuwa imenipanda, kwa sababu nilijua magari yale yatarudi siku moja, na siku hiyo hakutakuwa na pete.

"Nimekubali," nikamwambia. "Lakini siku ya msiba ikifika, usiniletee watu. Uniambie wewe, tukiwa wawili tu."

Mpenzi wangu akamtazama mama kwenye ile simu, akaona aibu.

"Muahidi," mama akasema.

Akaahidi.