Marehemu Amethibitisha

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya ofisi moja ya serikali mjini Iringa. Mbele yangu alikuwepo mama mjane, aliyekuja kuandikisha kwa jina lake kiwanja cha Mlandege alichoachiwa na mumewe. Nyaraka zote alikuwa nazo, hadi cheti cha kifo.

Karani, binti mwenye adabu, alizipokea kwa mikono miwili, kisha akabonyeza kompyuta.

"Mama, siku hizi mambo ni ya kidijitali. Mfumo umetuma namba ya siri kwenye simu ya mwenye kiwanja. Bila hiyo hauendelei."

"Mwanangu, mwenye kiwanja si huyo uliyeshika cheti chake cha kifo?"

"Naelewa, mama, pole sana. Lakini mfumo unamtaka mwenyewe."

Mama akafungua mkoba, akatoa simu ndogo ya batani iliyofungwa kwenye leso. "Huwa naichaji kila Jumapili," alisema taratibu. "Wapo wanaompigia bado, hawajapata habari."

Akavaa miwani, akasoma tarakimu sita, moja moja. Karani akaziandika, na skrini ikageuka kijani: "Mmiliki amethibitisha." Foleni nzima tulishusha pumzi.

Baadaye, tukiwa kwenye benchi, simu ile ikaingia ujumbe mwingine. Mfumo ulimwomba mteja aipe huduma alama, kuanzia moja hadi tano.

"Sasa hapa nimjibie nini?" mama akaniuliza.

Nikamwambia aweke tano. Kati yetu sote pale, ni mumewe pekee aliyehudumiwa bila kupanga foleni.