Mahindi ya Mstari wa Saba Yaliyogoma Kufa

Saa moja asubuhi, jua halijaanza makali yake. Ndani ya banda la plastiki, mwanamke mwenye viatu vya mpira ananyanyua chungu chenye mche wa mahindi, anakiweka kwenye mizani, anasubiri tarakimu zitulie, kisha anaandika. Vyungu ni mia mbili na arobaini. Hii ni siku ya tisa bila tone la maji.

"Kazi yangu ni kuinyima mimea maji," anasema akicheka. "Mimi mkulima, nalipwa nitese mahindi! Mwanzoni roho iliniuma."

Wenzake katika kituo hiki cha utafiti wa mahindi yanayostahimili ukame humwita Bi Mizani. Ana miaka hamsini na mmoja, kumi na minne kati ya hiyo ikiwa ya humu bandani. Alikuja kuomba kibarua baada ya mvua kukatika mahindi yake yakichanua, ekari nzima ikampa madebe mawili.

Mwaka jana kibarua hicho nusura kiote nyasi. Katika jaribio moja, ambapo kila mstari ulikuwa wa aina yake ya mbegu, mahindi ya mstari wa saba yalibaki mabichi huku mengine yakikauka. Msimamizi wa banda akamkabili mbele za watu.

"Mama, sema tu. Umeyaonea huruma, ukayamwagilia."

"Sijayamwagilia."

"Basi maji yameyatoa wapi?"

Machozi yalimlenga, lakini hakuyaachia. Alivua funguo za banda shingoni, akamkabidhi mtafiti wa jaribio hilo, mwanamke aliye mdogo kwake kwa miaka ishirini.

"Dada, funga mwenyewe. Turudie kuanzia mbegu. Nitaingia na wewe tu, tupime, tutoke. Nikionekana mwongo, sitasubiri kufukuzwa."

Wakarudia. Maji yalipokatwa, walipima pamoja kila asubuhi. Uzito wa vyungu ulipungua siku hadi siku. Hakuna aliyekuwa akimwagilia. Mstari wa saba ukasimama vilevile.

Bi Mizani alikuwa ameandika jambo jingine pembeni mwa daftari: mstari ule ulikunja majani saa tatu, mingine ikangoja hadi saa sita.

"Maneno hayo ndiyo yaliyotuelekeza," anakiri mtafiti. "Mmea ukihisi udongo unakauka, hutengeneza homoni inayofunga vitundu vya majani ili maji yasipotee. Mstari huu hufunga mapema. Tena hulimbikiza prolini, aina ya asidi amino inayosaidia seli kushikilia maji."

Msimamizi aliomba radhi mbele ya watu walewale. "Nikamwambia yamekwisha, baba, shika upande huu tubebe vyungu," anakumbuka Bi Mizani.

Kazi bado ipo. Mvua ikiwa nzuri, mstari wa saba huzaa mahindi ya magunzi mafupi, hivyo umechanganywa na mbegu yenye mazao mengi. Watoto wa ndoa hiyo ndio wanaoteswa leo.

Bi Mizani mwenyewe hataki kuishia kwenye kupima vyungu. Mwezi ujao anaanza masomo ya ufundi wa maabara, na kila jioni bintiye humfundisha desimali.

"Ananifokea huyo, we acha! Lakini majani nimeyatazama kwa nje vya kutosha. Hiyo prolini nataka niipime kwa mikono yangu."

Na wanafunzi wenzake, wa umri wa bintiye?

"Wiki ya kwanza watanicheka," anasema, akinyanyua chungu kingine. "Ya pili tutakuwa tunaulizana majibu."